Vidoa kwenye sensa: nisafishe kabla ya kuuza kamera?

Swali:

"Nataka kuuza kamera yangu ya DSLR (ya kubadilisha lenzi, yenye kioo cha kuakisi ndani) niliyoitumia kwa miaka sita. Juzi nilipiga picha za mandhari nikaona vidoa vitatu vinne vya kijivu angani, na viko mahali palepale katika kila picha. Lenzi nimeifuta mara nyingi, havitoki. Rafiki mmoja ananiambia nichukue pamba za masikioni na spiriti nifute sensa, kile kipande ndani ya kamera kinachopokea picha. Mwingine anasema nisijisumbue, mnunuzi akija nimwonyeshe picha za f/4, yaani zilizopigwa tundu la lenzi likiwa wazi, maana huko vidoa havionekani. Naogopa kuharibu, na naogopa pia mnunuzi akiona vumbi aseme kamera ni mbovu. Nisafishe mwenyewe, nipeleke kwa fundi, au niuze hivyohivyo? Na kuna kingine cha kufanya kabla sijaikabidhi?"

Jibu:

Ndugu msomaji, tuanze na hilo linalokunyima usingizi: kamera yako si mbovu. Kamera ya kubadilisha lenzi iliyofanya kazi miaka sita huingia vumbi, na hakuna mtumiaji makini anayelishangaa. Ukiniletea ya umri huo ambayo sensa yake haina hata chembe, nitakuuliza imesafishwa na nani, na kwa kitu gani.

Vumbi huondoka. Mkwaruzo hauondoki, na ndio unaoshusha bei ya kamera hadi ya vipuri. Sensa zilizokwaruzika ninazoletewa mezani kwa kawaida hazikukwaruzwa na upigaji picha. Zilikwaruzwa na mtu aliyekuwa anasafisha, tena kwa haraka, mara nyingi mnunuzi akiwa njiani. Ndiyo maana nitakushauri ufanye kidogo kuliko unavyodhani. Rafiki yako wa pamba na spiriti anaweza kukutia hasara ambayo vile vidoa vinne visingekutia kamwe. Yule wa f/4 anakufundisha kudanganya, na hila yenyewe haifiki mbali, kama utakavyoona.

Tunaposema "kusafisha sensa" hatugusi sensa yenyewe. Juu yake kumewekwa kioo chembamba cha vichujio, kinachozuia mwanga wa infraredi na, katika kamera nyingi, kulainisha kidogo picha ili mistari iliyosongamana kama ya nguo isitoe mawimbi ya rangi. Kioo hicho kimepakwa utando mwembamba sana wa kupunguza mng'ao. Vumbi hutua juu ya kioo, kwa hiyo kati yake na pikseli (vijisehemu vinavyopokea mwanga) zilizo chini kuna nafasi ndogo, na unachokiona kwenye picha ni kivuli cha chembe hiyo.

Sasa kumbuka kivuli chako mwenyewe. Jua likiwa kali kina kingo kabisa, unaweza kuhesabu vidole. Wingu likitanda, mwanga unakuja kutoka kila upande na kivuli kinayeyuka, ingawa wewe hujaondoka mahali pako. Tundu la lenzi lililofunguliwa, f/2.8 au f/4, hufanya kazi ya lile wingu: mwanga unaifikia sensa kutoka pembe nyingi, unaizunguka chembe, na kivuli kinatawanyika hadi hukioni. Ukibana tundu hadi f/16, mwanga unakuja kwa njia nyembamba na kivuli kinakaza. Kwa hiyo vidoa vyako havikuzaliwa juzi. Huenda vina miezi au miaka humo ndani. Wewe juzi ulibana tundu kwa ajili ya mandhari, tena ukapiga anga tupu, mahali ambapo doa halina pa kujificha.

Hapo ndipo hila ya f/4 inapokwama. Mnunuzi anayejua anachokitafuta atazungusha gurudumu hadi f/16, atapiga ukuta mweupe, na atavua ukweli kabla hujamaliza kumsifia betri. Baada ya hapo hatakuamini hata kwa yale uliyoyasema kweli.

Na lenzi nakuomba uache kuifuta. Vumbi lililo kwenye kioo cha mbele liko mbali mno na fokasi, haliwezi kutoa doa dogo lenye umbo. Likizidi sana hupunguza tu ukali wa rangi, hasa ukipiga kuelekea jua. Njia ya kuhakikisha ni kubadilisha lenzi: doa likibaki palepale kwa lenzi mbili tofauti, liko kwenye sensa. Kuna pia yale machembe meusi unayoyaona ukichungulia kwenye kitundu cha jicho. Hayo yako kwenye kioo cha kuakisi kinachojikunja ndani ya kamera au kwenye skrini ya kufokasi iliyo juu yake, na hayaingii kwenye picha hata kidogo. Yaache. Kioo hicho kimepakwa fedha au alumini upande wa mbele kabisa, na skrini ya kufokasi ni plastiki laini, kwa hiyo kitambaa kimoja kinaweza kuacha alama ya kudumu mahali ambapo hapakuwa na tatizo.

Kabla ya kugusa chochote, pima. Weka kamera kwenye hali ya kuchagua tundu mwenyewe, f/16, ISO 100, fokasi ya mkono. Sogelea ukuta mweupe au skrini ya kompyuta yenye ukurasa mtupu, halafu peleka fokasi mbali kabisa ili ukuta uwe ukungu mtupu. Shata, lile pazia linalofunguka mbele ya sensa, itakuwa polepole, pengine sekunde nzima, na hilo linakufaa: itikise kamera kwa makusudi wakati inapiga. Michirizi ya ukuta itafutika, lakini vumbi linasafiri pamoja na sensa, kwa hiyo litabaki limetulia. Fungua picha kwenye kompyuta, ibadilishe kuwa nyeusi na nyeupe, ongeza kontrasti, kisha ikague kwa ukubwa kamili kutoka kona hadi kona. Usishtuke. Ukiongeza kontrasti kiasi hicho, karibu kila kamera itaonyesha kitu. Rudia kwa f/8 na f/11, kwa kuwa hizo ndizo watu wanazotumia siku hadi siku.

Unachokiona kina lugha yake. Doa la kijivu lenye kingo laini ni vumbi kavu. Uzi uliojikunja ni unyuzi wa nguo au wa begi. Duara dogo lenye pete, lililokaza kuliko mengine, mara nyingi ni tone la mafuta ya kulainishia lililorushwa na mitambo ya shata, au maji yaliyokauka. Nukta inayowaka nyekundu, kijani au nyeupe kwenye picha za usiku zilizopigwa muda mrefu si uchafu. Ni pikseli iliyochoka, na hakuna kitambaa kitakachoitoa, ingawa kamera kadhaa zina amri kwenye menyu ya kuzitambua na kuziziba. Mstari mwembamba ulionyooka au kipande chenye umbo la ramani, kisichotoka kwa namna yoyote, ndicho cha kukutia wasiwasi: huo ni mkwaruzo au utando uliobanduka.

Mafuta si lazima yawe kosa la mtumiaji. Nikon D600, iliyotoka mwaka 2012, ilijulikana kwa kurundika vidoa kwenye sensa, na Februari 2014 Nikon yenyewe ikatangaza kuzikagua, kuzisafisha na kuzibadilishia shata bila malipo. Anayenunua kamera ya toleo hilo leo atakuuliza kama ilibadilishwa shata, na ana haki ya kuuliza.

Sasa usafi wenyewe. Anza na mtikiso uliomo ndani ya kamera. Teknolojia hii iliingia sokoni na Olympus E-1 mwaka 2003, na wengine wakafuata: kioo cha mbele ya sensa kinatetemeshwa kwa kasi kubwa sana na vumbi kavu linadondoka. Simamisha kamera mezani kama kawaida, kitako chini, uiamuru mara kadhaa. Vumbi lenye mnato na mafuta hayatajali mtikiso huo.

Kisha pampu ya mpira ya kupulizia. Ndicho kifaa pekee ninachokutaka ukitumie mwenyewe kwenye kamera unayoiuza. Chaji betri ijae, kwa sababu kioo cha kuakisi na shata vinashikiliwa wazi na umeme, na umeme ukikatika vinafunga bila kuuliza kama kuna kitu katikati. Kamera nyingi hukataa kabisa kuingia kwenye hali ya kusafisha kama betri iko chini, na zinafanya vyema. Usitumie hali ya Bulb, ambayo shata hubaki wazi muda wote unaobonyeza kitufe, kama njia ya mkato, maana kidole kikiteleza tu shata inafunga. Ingia kwenye menyu, chagua amri ya kuinua kioo kwa usafi, ondoa lenzi, geuza kamera mdomo uangalie chini. Binya pampu mara mbili tatu pembeni kwanza ili itapike vumbi lake yenyewe. Halafu pulizia kwa nguvu kuelekea juu, mara kumi au zaidi, ncha ya pampu ikibaki nje ya mdomo wa kamera. Acha kamera imeangalia chini kidogo, rudisha lenzi, zima, pima tena. Vumbi kavu jingi huishia hapo.

Usipulizie kwa mdomo, hata pumzi iwe nyepesi vipi, kwa sababu inabeba mate, na mate yakikauka yanaacha alama ngumu kuliko vumbi ulilolifukuza. Usitumie hewa ya kopo pia. Gesi iliyomo iko katika hali ya kimiminika, na kopo likiinama kidogo kinatoka baridi kali na kuacha ukoga kwenye kioo. Kompresa ya gereji ina mafuta na maji ndani yake.

Nirudi kwa pamba ya masikioni, maana ushauri huo umeenea. Kioo cha sensa ni kigumu, na pamba ni laini, kwa hiyo watu hudhani haiwezi kukikwaruza. Kinachokwaruza ni ile chembe. Mchanga ni mgumu kuliko utando wa kioo hicho, na pamba ikipita inaikamata chembe na kuiburuta kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Ukikiinamisha kioo kilichofutwa hivyo chini ya taa, unaona uzi mmoja mwembamba kama unywele, unaanzia mahali doa lilipokuwa na kwenda sambamba na mkono uliofuta. Juu ya hayo, pamba inaacha nyuzi, na spiriti ya vidonda ina maji ndani yake, ikikauka inaacha michirizi. Ulikuwa na vidoa vinne, sasa una ukungu.

Usafi wa kimiminika upo na unafanya kazi. Unatumia vijiti maalumu vilivyofungwa kimoja kimoja, vyenye upana wa sensa yako: milimita 24 kwa sensa kamili (ya ukubwa wa filamu ya milimita 35), karibu 16 kwa sensa ndogo zaidi ya APS-C. Unaweka tone moja au mawili ya kimiminika kinachokauka haraka, unasubiri kienee, unapitisha mara moja tu kutoka ukingo hadi ukingo, unageuza upande wa pili na kurudi, kisha unakitupa kijiti. Hakitumiwi tena, hata kama kinaonekana safi. Baadhi ya vimiminika hivyo ni methanoli, ambayo ni sumu na inawaka kwa urahisi, kwa hiyo dirisha liwe wazi na moto uwe mbali. Nimekueleza ujue kinachofanyika, lakini kama hujawahi kukifanya, kamera unayoiuza wiki hii si mahali pa kujifunzia. Ukitaka kujifunza, jifunzie kwenye ile utakayobaki nayo, siku ambayo huna haraka.

Hesabu yangu ni hii. Kama baada ya kupulizia vidoa vinaonekana f/16 tu na f/8 ni safi, iuze ilivyo na useme hivyo. Kuna wanunuzi wanaoipendelea sensa ambayo haijaguswa, na mimi ni mmoja wao. Kama vinaonekana hata f/8, au kamera ni ya bei kubwa, au mnunuzi yuko mbali na hawezi kuja kuikagua, mlipe fundi aisafishe na utunze risiti yake, kisha uionyeshe. Gharama hiyo utairudisha kwenye bei, na mabishano yatapungua. Akimaliza, usibadilishe lenzi tena hadi siku ya kukabidhi.

Kuna hali ambazo hazina mjadala, ni za fundi moja kwa moja: madoa yenye pete yanayorudi wiki chache baada ya kusafishwa, mkwaruzo unaoushuku, unyevu au ukungu wa kuvu, kamera iliyowahi kumwagikiwa, na bamba la shata lililopinda. Kamera ndogo ambayo lenzi yake haitoki nayo ni hivyohivyo. Kulifikia vumbi lake ni kuifungua yote. Na kama siku moja utamiliki kamera isiyo na kioo cha kuakisi, yenye sensa inayoelea kwa ajili ya kutuliza picha, pitia kitabu chake kwanza. Kamera nyingine zisizo na kioo cha kuakisi, kama Canon EOS R ya mwaka 2018, hufunga shata unapoizima ili kuikinga sensa na vumbi. Ukiondoa lenzi utaona mabamba meusi badala ya sensa. Mabamba hayo ni membamba mno, usiyapulizie kwa nguvu wala kuyagusa.

Kuhusu mauzo yenyewe, ile picha ya ukuta mweupe ya f/16 iweke kwenye tangazo lako pamoja na picha za kamera, na uandike waziwazi: "Sensa ina vidoa vichache vya vumbi vinavyoonekana kuanzia f/16, haijawahi kufutwa kwa kimiminika, picha ya kipimo hii hapa." Andika hivyo kama ndiyo hali halisi, bila kuongeza wala kupunguza. Atakayekupigia baada ya kuisoma hiyo atakuwa ameshakubali vumbi, na mazungumzo yatahamia kwenye bei. Piga pia picha za mahali palipochubuka, za mdomo wa lenzi, na za skrini ikiwa imewashwa.

Mnunuzi ataulizia idadi ya shata, yaani imefunguka mara ngapi. Kamera za Nikon huiandika ndani ya faili la picha, unaisoma kwa programu za kusoma taarifa za picha. Canon nyingi zinahitaji programu na waya. Watengenezaji hukadiria uhai wa shata kuanzia takriban mara 100,000 kwa kamera za kawaida hadi 400,000 kwa za kitaalamu kama Nikon D5. Hayo ni makadirio. Kuna shata zinazokufa mapema na zinazopitiliza. Taja namba yako kamili bila kuizungusha. Na unapopanga bei, tazama kamera kama yako zimeuzwa kwa kiasi gani, maana bei iliyoandikwa kwenye tangazo ambalo halijapata mteja haikufundishi chochote. Lenzi nzuri hushuka thamani polepole kuliko bodi (kamera yenyewe bila lenzi), kwa hiyo pima kama inakulipa kuziuza pamoja.

Lipo moja ambalo hukuliuliza, nalo watu wengi hulisahau. Kamera inakujua. Huenda jina lako limeandikwa kwenye sehemu ya mwenye hakimiliki, na linaingia kwenye kila picha itakayopigwa. Kuirudisha kamera kwenye mipangilio ya kiwandani hakufuti sehemu hiyo kila mara, kwa hiyo itafute kwenye menyu uifute kwa mkono. Futa nywila za Wi-Fi, itenganishe na simu yako, na iondoe kwenye akaunti ya mtengenezaji kama uliisajili. Memori kadi usiiuze. Kuifomati ndani ya kamera mara nyingi hufuta orodha tu, na picha zenyewe zinaweza kurejeshwa na mtu mwenye programu ya bure. Bei ya kadi ya zamani haistahili picha za familia yako. Andika pia namba ya kamera mahali salama pamoja na tarehe ya mauzo, kwa kuwa namba hiyo mara nyingi imo ndani ya picha ulizokwisha kupiga, na ikitokea utata utataka uthibitisho wa lini ilitoka mikononi mwako.

Siku ya kukutana, mwambie mnunuzi aje na kadi yake. Mwache apige, abadilishe tundu, akague picha kwa utulivu, ukiwa na betri iliyojaa na lenzi imefungwa tayari. Malipo yathibitishe kwa kuangalia salio kwenye akaunti yako mwenyewe, kwa sababu ujumbe unaosema umelipwa mtu yeyote anaweza kuutunga. Kama anachukua bodi bila lenzi, osha kile kifuniko cha plastiki cha mdomo wa kamera kwa maji na sabuni siku moja kabla, ukikaushe vizuri kabisa. Vumbi lililolala ndani ya kifuniko hicho humwagikia humohumo safarini, na mnunuzi akipima akifika kwake atakuta vidoa ambavyo wewe hukuviona.